Shemeji Aliyegeuzwa Mtambo

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikagua mashati kiwandani miaka kumi na tisa. Kifungo kilichokaa upande anakiona akiwa bado mlangoni. Kiwanda kilipofungwa nilimpeleka kwa wateja wangu wapya, vijana walionunua viti vyangu ishirini vya ofisi, vilivyotumika, bila hata kuomba nipunguze. Asiyeomba kupunguziwa anatumia pesa za mwingine. Hizi zilikuwa za kampuni kubwa inayotengeneza mashine za michezo ya kwenye televisheni.

Vijana walikuwa wakiiundia mchezo wa kupigana risasi, tena usio na mwisho: kila wiki unaongezewa silaha, kofia na sababu nyingine ya kulipa. Ulikuwa haujachezeka sawasawa, lakini makoti ya askari yalishafika mia moja na arobaini.

Shemeji akachukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, acheze kutwa na kuandika kila kilichoharibika. Wakambatiza Mama Kasoro. Kufikia mwezi wa pili, mle mchezoni hakuna aliyeweza kumlenga.

Majaribio yalipokaribia kwisha, ikatangazwa kwamba mkubwa wa ile kampuni anakuja kuucheza mwenyewe. Wafanyakazi wote wangekuwa maadui zake mchezoni, na bosi akatoa onyo: atakayemuua mgeni, au kukataa kuuawa naye, asahau mkataba.

Shemeji akaja dukani kwangu amenuna.

"Shemeji, nimeambiwa nife."

"Si ufe tu."

"Nitakufaje? Jamaa hata kulenga hajui, wanasema."

"Sikiliza. Mteja akitaja bei inayonilipa, simkubalii papo hapo. Nashika kichwa, nalalamika, namwacha afike mlangoni ndipo namwita. Anaondoka akijiona mjanja. Nikimkubalia upesi, anadhani kiti kibovu."

"Ndivyo ulivyoniuzia kile cha jikoni?"

"Kile kilikuwa kibovu kweli."

Siku yenyewe nilikuwepo, nabadilisha magurudumu ya viti. Mgeni akashika pedi ya kuchezea, mchezo ukaanza, na kila mtu akakimbilia kufa ili kulinda mkataba wake. Waandishi wa programu walijitokeza barabarani wakasimama kwa foleni. Mhasibu aliona foleni haisogei, akajirusha kutoka ghorofani. Dakika tatu, kumi na tisa chini.

Mgeni akaiweka pedi magotini. "Ndiyo umeisha?"

Bosi, aliyekuwa ameuza mchezo usio na mwisho, akatoa leso.

Kwenye kioo pakaandikwa: amebaki adui mmoja.

Shemeji, kwenye meza yake nyuma ya kabati, hakuwa na haraka. Mchezoni alipita nyuma ya mgeni, akapiga risasi ukutani, akatoweka. Mgeni akalegeza tai. Chai ikaletwa, akaikataa. Dakika arobaini alimsaka nyumba kwa nyumba, na kila alipotaka kukata tamaa, bega likachungulia kidogo. Mwishowe akampata, kwa risasi yake ya mwisho, au ndivyo alivyoamini.

Alisimama, akaketi, akajifuta jasho. "Watu wenu wote wamekufa. Huyu wa mwisho anaendeshwa na mtambo gani?"

"Wetu wenyewe, mkuu," bosi akasema, macho makavu. "Tumeuunda miezi mitatu."

"Nautaka. Mkiuondoa, nami naondoka." Akasaini mwaka mwingine wa gharama na kwenda zake.

Bosi akamfuata shemeji kule nyuma. "Mama Kasoro, umepata kazi ya kudumu. Ila jina lako halitaonekana popote. Mgeni akija, wewe ni mtambo."

Shemeji akanitazama. Nikaendelea na gurudumu langu. Mnunuzi akishaonyesha anavyohitaji kitu, muuzaji hana haja ya msaada.

"Mtambo mnaulipa kiasi gani?" akauliza.

Bosi akataja mshahara wa mjaribu mchezo.

"Huo ni wa Mama Kasoro. Nimeuliza wa mtambo."

Akatajiwa mara mbili yake. Akashika kichwa mpaka ikawa mara tatu.

"Na likizo?"

"Mtambo hauendi likizo, mama."

"Huu unaumwa mgongo, na una binti anayeolewa mwezi wa nane. Andika wiki nne."

Bosi akaandika.