Mama Fagio na Sauti Iliyotoka Kwenye Filamu ya Wezi

Saa nane kasoro robo mchana, Mama Fagio anasimama mlangoni mwa ukumbi namba tatu wa sinema, fagio mkononi, akisikilizia muziki wa mwisho. Majina yakianza kupanda kwenye skrini ndipo wafagiaji huingia. Wana dakika kumi na mbili za kuokota bisi chini ya viti mia mbili na kumi.

Kwa utaratibu huo, mama huyu wa miaka arobaini na moja ameona miisho ya filamu isiyohesabika, mwanzo hata mmoja hajauona. "Nawaona wanaoana, sijui hata walikutania wapi," anasema akicheka.

Jumatatu wiki hii hakucheka. Ilikuwa inaonyeshwa filamu ya wizi wa benki ambayo watu hawakuwa na habari nayo. Tiketi iliuzwa moja tu, na mwenyewe akaondoka katikati. Kanuni ya pale ni kwamba filamu ikishaanza haizimwi, basi Mama Fagio akaona afagie mapema awahi nyumbani.

Alipofika safu ya saba akasikia mtu anasema, "Kijana, shusha hiyo bunduki. Nina binti, hata kutembea hajaanza. Nisiporudi hatalala."

Akainua macho. Kwenye skrini, katika kiti cha mlinzi, alikuwa ameketi mumewe, aliyezikwa miaka minane iliyopita.

"Nilikaa palepale," anasema. "Juu ya taka zangu."

Marehemu alikuwa mlinzi kweli, katika jengo lililotumiwa na wapiga filamu. Jioni moja alirudi akasema leo ameigiza. "Nikamwambia, wewe na utani wako, kula ulale. Mtu mwenyewe alikuwa haishiwi mizaha, ungemwamini?" Miezi mitatu baadaye homa ya siku nne ikamchukua. Filamu nayo ikakaa kabatini miaka, wenyewe wameishiwa fedha.

Katika kisa hicho, kiongozi wa wezi anamhurumia mlinzi na kumfungulia mlango aende kwa mwanawe, na huruma hiyo ndiyo inayowakamatisha. Lakini mjane huyu alishtushwa na jingine.

"Sauti yake. Nilikuwa nimeisahau."

Binti yao anakaribia miaka tisa. Akiuliza baba aliongeaje, mama hukaza koo na kutoa sauti nzito. "Kumbe ilikuwa nyembamba, ya upole. Miaka yote nimemlea mwanangu na baba wa kubuni. Aibu niliyoiona, we acha tu."

Kesho filamu inaonyeshwa kwa mara ya mwisho. Tiketi mbili, yake na ya binti, ni ujira wake wa siku tatu, na ameshazilipia. Msimamizi wake, mtu asiyesifika kwa huruma, amemwambia, "Kesho kaa kama mteja, dada. Kufagia nitafagia mimi."

Binti hajaambiwa. "Naogopa ataniambia, mama, rudisha nimsikie tena. Nitarudisha nini?"

Kwa hiyo ameitafuta namba ya mwongozaji wa filamu hiyo mpaka akaipata. Amempigia mara sita, hapokei. Leo, kabla ya kuingia ukumbini, anaandika ujumbe kwa kidole kimoja, pole pole, kisha anausoma kwa sauti kabla ya kuutuma:

"Mimi ni mke wa yule mlinzi. Picha zake tunazo. Naomba sauti."