Fundi wa Makochi Aliyehamia Kwenye Ubao

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi wa makochi mwenye mikono ya baraka. Ukikalia kochi lake, kuinuka ilikuwa kazi. Wageni waliopita kusalimia tu walijikuta wanasubiri chakula cha jioni.

Jumapili moja mchungaji alihubiri habari za yule tajiri aliyestarehe duniani akaishia motoni, na yule maskini wa mlangoni kwake, mwenye vidonda, aliyebebwa na malaika. Waumini wengine walirudi nyumbani, wakala, wakalala. Fundi hakulala. Alijichunguza kwa makini, akaona dhambi yake iko kwenye makalio: maisha yake yote alikuwa amekaa pazuri mno.

Tangu hapo akawa anakalia ubao, tena ule wenye vifundo. Usiku alilala sakafuni, huku mkewe akijinyoosha kitandani kama malkia. Alipoulizwa, alijibu kwamba anajiwekea akiba ya jumba mbinguni. Majirani wakambandika jina la Bwana Ubao.

Haukupita muda, mgongo ukagoma. Akawa anatembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Mkewe ndiye aliyemvalisha soksi, akamchua kwa dawa na kumwinua kila alipokwama. Wateja nao wakaanza kunong'ona: fundi gani huyu asiyekalia makochi yake mwenyewe? Mmoja akasema yana kunguni. Mwingine akaongeza chumvi, eti sponji zake zimetolewa kwenye vitanda vya marehemu. Karakana ikapoa.

Hatimaye mchungaji mwenyewe akaja na kochi lake juu ya mkokoteni. Aliomba kwa upole kulirudisha, maana mkewe, tangu asikie habari za marehemu, alikuwa anakula amesimama.

Fundi akamweleza ukweli wote, kisha akauliza amebakiza mateso kiasi gani. Mchungaji akakuna kichwa.

"Ndugu yangu, yule tajiri hakuponzwa na kukaa pazuri. Mtu aliumia mlangoni kwake, naye akampita kila siku. Na yule maskini, sijasoma popote kwamba alikataa kochi."

Mke wa fundi, aliyekuwa anashona foronya pembeni, akadakia. "Basi nisaidie, mchungaji. Kama mateso yanalipwa huko juu, jumba ni la nani? La anayekalia ubao, au la anayemwinua?"

Mchungaji akakiri kwamba kwa hesabu hiyo jumba ni la mama. Kumbe muda wote ule fundi alikuwa anamjengea mkewe. Akauliza kwa unyenyekevu kama atapata hata chumba kimoja, mke akasema ataangalia.

Ndipo fundi akatazama nje ya mlango wake. Ng'ambo ya njia alikaa mfua nguo, mama mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, ambaye siku zote alipumzika juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wakakubaliana kochi liende kwake. Alipoambiwa uvumi wa marehemu, mama yule alisema kama wamo humo, watamsaidia kukunja mashuka.

Ila kuhusu kunguni alitaka uhakika, akamwambia fundi akae kwanza. Fundi akakaa pembeni kabisa, kwa woga, kisha akaegemea. Mchungaji akaanza kuliombea kochi, na maombi yake yalikuwa marefu. Waliposema amina, fundi alikuwa anakoroma, na mfua nguo akarudi kwenye ndoo yake kusubiri aamke.