Mizani ya Isansa

Baba alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu Tunduma, mbele yangu simu tatu zilizofunguliwa na foleni ya malori ikinguruma nje.

"Njoo unikagulie mizani yangu," alisema. "Wanasema imezeeka kama mimi."

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Natengeneza simu, redio, na alamu za pikipiki. Baba analima mahindi na kahawa Isansa, na ana mizani ya kuning'iniza aliyoinunua kabla sijazaliwa. Msimu ule alikuwa anapima kila gunia nyumbani kabla ya kulipeleka kwa mnunuzi, na kila gunia lilifika kwa mnunuzi limepungua. Gunia la kilo mia lilisoma tisini na tatu. Alipolalamika, mnunuzi alimcheka mbele ya watu, akamwambia mizani ya kisasa haikosei, wanaokosea ni wazee.

Nilipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Baba yangu si mtu wa kutazama chini. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko hata mahindi.

Tulichukua mfuko mpya wa simenti, haujafunguliwa, kilo hamsini. Tukautundika kwenye mizani yake. Mshale ukasimama kwenye hamsini.

"Basi sijazeeka," akasema.

"Umezeeka, baba. Mizani ndiyo haijazeeka."

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Tukaufunga ule mfuko kwenye pikipiki, tukaenda hadi kituo cha kununulia mahindi. Nikamwomba mnunuzi anipimie simenti. Akakubali haraka mno. Namba nyekundu zikaandika hamsini kamili. Watu wakaguna, na mnunuzi akageukia wenzake: "Mmeona? Binti mwenyewe amethibitisha."

Nilirudi nyuma na aibu yangu, lakini sikuondoka. Nilikaa juu ya magunia nikatazama. Mizani ilisema kweli kwa simenti na uongo kwa mahindi. Mashine peke yake haina akili ya kubagua. Lazima palikuwa na mtu anayeiambia lini idanganye. Mnunuzi mwenyewe mikono yake ilikuwa wazi, inaandika. Karani wake, mwanaume wa makamo, alisimama pembeni mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Julai Isansa ni baridi, kila mtu ana koti, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Ila kila gunia lilipowekwa, kiwiko chake kilitikisika kidogo.

Nikajua. Ni rimoti, kama ile ya alamu ya pikipiki. Ndani ya mizani kuna kipokezi kinachosubiri amri.

Kuvunja lakiri, ule muhuri wa watu wa vipimo, na kuifungua mizani kungenifanya mimi kuwa mhalifu. Nikarudi Tunduma. Siku mbili niliweka kando simu za wateja nikakaa na alamu mbovu ya pikipiki. Niling'oa kipokezi chake, nikakiunganisha na kikuza sauti na spika ya redio ndogo, nikatia betri ya simu ya zamani. Jaribio la kwanza lilitoa moshi. La pili lilinyamaza. La tatu lilivuma kama mvua juu ya bati, na nilipobonyeza rimoti yoyote ya pikipiki, mvumo huo ulikatwa na mlio mkali: krrr. Nikavifungia vyote ndani ya ganda la redio.

Siku ya kununua nilikaa mstari wa mbele, redio mapajani. Mnunuzi alinitupia jicho.

"Dada, hiyo redio yako haishiki stesheni."

"Inatafuta," nikamjibu.

Gunia la kwanza: krrr. La pili: krrr. La tatu likawa la baba. Krrr, na namba zikaandika tisini na mbili. Nikasimama, nikaongeza sauti hadi mwisho.

"Sikilizeni. Kila gunia likipanda, huyu karani anabonyeza kitu mfukoni. Redio hii inamsikia. Avue koti, tupime tena."

"Zima hiyo takataka!" mnunuzi akafoka. "Wewe nani kakufundisha mizani?"

"Avue koti."

Mama mmoja nyuma yangu akarudia: avue koti. Wakafuata wengine, hadi uwanja mzima ukasema kwa sauti moja. Karani akaanza kurudi kinyumenyume. Mtendaji wa kijiji akaja mbio, akaniambia nimeleta vurugu, nilipaswa kutoa taarifa ofisini kwake. Nikamwambia baba alishatoa taarifa hiyo mara mbili, akaambiwa ni uzee.

Baba akaenda akakaa juu ya ile mizani, kofia kichwani, mikono kifuani. "Haitoki hapa," akasema, "mpaka waje watu wa vipimo."

Walikuja kesho yake kutoka Vwawa. Watu walikuwa wamepokezana zamu kuilinda, na mnunuzi hakuthubutu kurudi na lori lake. Lakiri ilikatwa mbele yetu. Ndani, chini ya kioo cha namba, kulikuwa na kibao kidogo cha kipokezi, kama ukucha wa kidole gumba. Afisa alikiinua juu, watu wakasogea kukiangalia. Mnunuzi na karani wake walikamatwa wiki ile ile. Mahindi yaliyokwisha kuondoka hayakurudi, na sitasema kwamba haki ilitimia yote.

Mtendaji alinionya tena, kwa upole safari hiyo, nisikusanye watu bila kibali. Nilimwambia nitakusanya.

Mwezi uliofuata mwanaume mmoja aliingia dukani kwangu na boksi. Alikuwa na viatu safi na maneno matamu. Ndani ya boksi kulikuwa na mizani mpya.

"Tumesikia wewe unaelewa vitu hivi," akasema. "Nitengenezee kimoja kama kile cha Isansa. Taja bei yako."

Sikutaja. Niliibeba ile mizani, nzito vile, nikaitoa nje nikaiweka chini barabarani, katikati ya madereva wa malori na wabadilisha fedha.

"Mzigo wako huo," nikamwambia kwa sauti kubwa. "Waambie hawa wote unataka nikutilie nini ndani."

Aliubeba mwenyewe, jasho likimtoka, na hakuna aliyemsaidia.