Biharusi na Fyekeo

Biharusi hatoki nje. Wiki nzima kabla ya harusi huwekwa ndani, akasingwa singo ya manukato mwili mzima asubuhi na jioni, mpaka harufu ya liwa na mlangilangi inamtangulia mlangoni. Jua lisimwone, na mkono wake usiguse hata mchi. Basi mimi wiki hiyo ndiyo niliyojifunza kufyeka.

Tulikuwa tukikaa Kiembe Samaki, miaka ya hamsini, kule kote mashamba matupu. Baba yangu alipenda usafi. Mbele ya nyumba palifagiliwa kila siku, na chini ya minazi majani yalikuwa mafupi. Lakini nyuma, kutoka ukuta wa jiko hadi kisimani, hakumruhusu mtu kupagusa tangu mama alipofariki. Vibarua wakifika pembe ile, baba husema, "Hapo basi," na wao huacha. Pori likaota, likapanda, likafunga njia ya kisima, tukawa tunateka maji kwa jirani. Na humo porini ndimo mama alimopanda mkilua wake.

Mkilua si mti wa kujionyesha. Ua lake, kilua, ni dogo, linajificha chini ya majani, unapita huoni kitu, unanusa tu. Mama hakutoka nyumbani bila kikuba, kile kishada cha vilua na mrehani, kifuani, na mimi utotoni nilimjua kwa pua kabla ya macho. Alipofariki niliapa moyoni kwamba siku nikiolewa nitavaa kikuba cha mkilua ule ule, siyo mwengine.

Nilimwambia baba. Akajibu bila ya kunitazama kwamba sokoni Darajani vilua tele, atamtuma mtu akaninunulie, na kwamba ule mti ulishakufa zamani, umesongwa. Nilikasirika. Hasira zangu mimi ziko karibu hadi leo, waulizeni wajukuu. Nikajisemea kwamba haujafa mpaka niuone kwa macho yangu.

Aliyewekwa kunichunga alikuwa somo yangu, yaani bibi niliyepewa anifunde mambo ya unyumba. Mnene, mcheshi, na mpenzi wa usingizi mwenziwe sijamwona. Akishasali alfajiri hurudi kitandani, na haipiti dakika anakoroma. Baba naye hubaki msikitini na uradi wake mpaka jua lichomoze. Kwa hivyo nyumba ilikuwa yangu, na kule nyuma baba hakukanyaga kabisa.

Fyekeo la vibarua lilikuwa bandani. Mpini wake mrefu ulinifika kifuani, na chuma chake chembamba kilipinda mwishoni. Nilikuwa nimewaona wale wanaume wakilizungusha kama mchezo. Nikalishika kwa mikono miwili, nikainua juu, nikapiga kama ninayechanja kuni. Majani yakainama, kisha yakainuka tena, yananicheka. Nikapiga tena, nikatukana, nikapiga. Kulipopambazuka nilikuwa nimefyeka pa kutandika mkeka tu, na jasho limeosha singo yote ya jana.

Asubuhi ya pili nilitulia. Nikagundua kwamba fyekeo halitaki nguvu, linataka kiuno. Unalipeleka nyuma, unaliacha lirudi lenyewe kwa uzito wake, chini kabisa, karibu na udongo, wakati umande bado uko na majani yamelegea. Fyaa, fyaa. Majani yakawa yanalala upande mmoja, yamenyooka, na harufu mbichi inapanda. Wallahi nilicheka peke yangu. Sijapata kufurahi vile, hata nilipovalishwa dhahabu.

Kisha nikakutana na upupu. Siku hiyo nilijikuna tangu asubuhi hadi magharibi, na somo yangu akahamaki, akamlaani muuza liwa wa mjini kwamba kamuuzia liwa mbovu. Akanipaka majivu mwili mzima, biharusi mzima nikafanana na jiko. Nami kimya, najikuna.

Lakini siku ya hina hapakuwa na pa kujificha. Alinikunjua viganja ili anichore, akakuta malengelenge yameshapasuka. Akavitazama muda.

"Hii mikono ya biharusi," akasema, "au ya mchimba kisima?"

Nikamwambia yote. Nilingoja anipigie kelele, maana hina juu ya kidonda ni moto, na aibu ya biharusi ni aibu ya somo wake. Yeye akauliza swali moja tu, kama nimeuona huo mkilua. Nikasema bado, na harusi ni kesho. Basi akachana kanga yake kuukuu, akanifunga viganja vyote viwili.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alfajiri kainame, mwanangu, hina tutapaka baadaye."

Kesho yake hakurudi kulala. Alisimama mlango wa uani, macho njiani kumwangalia baba, mimi nafyeka kuelekea kisimani na jua linakuja. Niliona kisima, niliona jiwe la kufulia, mkilua sikuuona. Nikaanza kuamini kwamba baba kasema kweli. Nikalipeleka fyekeo mara moja zaidi, na harufu ikanipiga usoni.

Nikalitupa chini palepale. Hapo si pa chuma tena. Nilipiga magoti nikavuta ile mitambaazi kwa mikono, na ndani yake mkilua umesimama, umekonda, majani machache, lakini mzima. Vilua vilikuwa vichache mno. Nililia na kucheka pamoja, nikavichuma.

Mchana, baba alikuja chumbani kuchukua idhini, mashahidi wakasimama nje ya pazia. Kwetu baba humuuliza binti kama amwozeshe, na mwari hasemi kitu. Kimya chake ndiyo ndiyo yake. Nimejifunika gubigubi, mikono inawaka hina, kikuba kifuani. Baba akaanza kwa sauti yake ya msikitini, "Mwanangu, nikuozeshe..." Akasita. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Cha Darajani hicho?" akauliza polepole.

Ningenyamaza, ndiyo ada. "Cha mama," nikasema. "Nimefyeka."

Somo yangu alinifinya paja. Shahidi mmoja akauliza kutoka nje kama nimeridhia.

"Kafyeka," baba akasema. Kisha akakohoa. "Karidhia, karidhia."

Vigelegele vikapasuka nyumba nzima. Katikati ya zogo hilo baba akaingiza mkono, akachomoa kilua kimoja kikubani, akakitia chini ya kofia yake, akatoka kwenda kuniozesha.

Fungate ilipokwisha nilikwenda kumsalimia. Mbele hapakuwa na mtu. Nilimkuta nyuma, kajifunga shuka kiunoni, fyekeo kaliinua juu kama anayechanja kuni, na majani yanainama na kuinuka. Nikampa shikamoo, akaniitikia huku anahema.

"Baba," nikamwambia, "siyo hivyo."

Akaufuta mpini kwa shuka, akanikabidhi.

"Haya," akasema, "nionyeshe."