Namba Ndogo za Chini

Darasani kwetu nikifungua mdomo watu wanaanza kucheka kabla sijasema kitu. Sifa hiyo niliitafuta kwa jasho, tangu kidato cha kwanza, nilipoteremka kutoka Chilangala, kule Newala, na sanduku la bati na godoro, nikaja kukaa kwa mama mdogo hapa Masasi. Sikuwa na mtu. Wenzangu wengi walitoka shule moja ya msingi, wanajuana mpaka kuku wa kwao. Mimi nilikuwa "yule msichana wa Newala", basi. Siku ya tatu nikamwigiza mwalimu wa zamu anavyopandisha suruali kabla ya kugonga kengele. Darasa zima likaangua kicheko, nikajua mlango wa kuingilia ni huo.

Ubaya wake niliugundua taratibu. Watu wakimaliza kucheka wanaondoka. Wanafuta machozi, wanasema "huyu ana wazimu huyu," halafu wanakwenda kunywa uji wawili wawili, na mimi nabaki nimesimama na utani wa akiba mkononi.

Ndiyo maana dawati lilikuwa jambo kubwa kwangu. Madawati yetu ni ya watu wawili, na langu nilikaa na msichana wa hapa hapa mjini, Myao, ambaye mama yake anauza vitenge sokoni. Huyu akishacheka hakuwa na pa kwenda, kiti chake kilikuwa pale pale. Tukajitangaza watani, bila kumuuliza mzee yeyote kama kweli Wayao na Wamakonde wanataniana. Nikichelewa ananiwekea nafasi. Akichelewa yeye, naweka mfuko wangu juu ya nafasi yake na kuulinda kama mbwa.

Yeye alitaka unesi, na hakuwa anautaka kwa mdomo tu. Mtu akijikata, sisi tunakimbia huku tunapiga kelele. Yeye anasogea. Kwa hiyo kemia kwake haikuwa mzaha, na mwaka jana, tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa kemia alitangaza kwamba jaribio la fomula ndilo atakalotumia kuandika orodha: nani anaendelea na kemia kidato cha tatu, nani anaiacha na kubaki na masomo ya sanaa.

Siku mbili kabla ya jaribio, wakati wa mapumziko, tulikuwa wawili tu darasani. Ubaoni mwalimu alikuwa ameacha fomula zake. Huwa anafundisha kwa Kiingereza dakika kumi, akiona macho yetu yamekufa anarudi kwenye Kiswahili, ila siku hiyo kengele ilimwahi.

"Mtani," akasema mwenzangu, "ile H₂O, hiyo mbili ndogo ni ya nani? Ya H au ya O?"

Mimi sikujua. Naomba ieleweke hivyo. Si kwamba nilijua jibu nikamficha, sikujua kabisa. Nilikuwa nimeshinda kipindi kizima nachora mwalimu akiwa amepanda chupa ya maabara kama punda. Lakini alinigeukia mimi, katika shule nzima, na kusema "sijui" niliona ni kama kumfungulia mlango aende kwa mwingine.

"Pale sokoni mama yako wanamwitaje?" nikamuuliza.

"Mama..." akataja jina la kaka yake mkubwa.

"Umeona? Jina alilobeba si lake, ni la aliyemfuata. H naye ni hivyo hivyo. Ile mbili ameibeba tu. Mwenyewe ni O."

"Na kwenye CO₂? O hana anayemfuata."

Hapo alinibana. Lakini mdomo wangu hauna breki.

"Wewe jina lako ni la nani?"

"La bibi."

"Haya. Ukoo ukifika mwisho, jina linarudi kwa bibi. Namba ya mwisho inarudi kwa wa kwanza kabisa. Kwa hiyo hiyo mbili ni ya kaboni."

Akazipitia fomula za ubaoni moja moja. Kisha akatabasamu.

"Kumbe hata Wazungu wana adabu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye alikuwa tayari ameinama anaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa kupanga, na kupigia mstari kwa rula. Niliona anaandika. Ningeweza kusema neno wakati ule. Nilisema tu kwamba uji unapoa.

Jaribio lilikuja na maswali kumi: kila swali fomula moja, utaje kila atomu ni ngapi. Mimi kanuni yangu mwenyewe sikuthubutu kuitumia. Mbele yangu anakaa kijana anayejua kemia na mwenye bega jembamba, nikaazima majibu saba. Matatu aliyaziba na kiwiko.

Karatasi zilirudi Jumatatu. Mimi saba. Mwenzangu mbili. Mwalimu akasoma majina ya wanaoiacha kemia na la kwake likawamo, kisha akageukia ubao kusahihisha.

"Namba ndogo ni ya herufi iliyo kushoto kwake. Haihami, haiendi kutembea. H₂O: hidrojeni mbili, oksijeni moja. Mnasema watu wawili, hamsemi wawili watu. Sasa kinachowashinda ni nini?"

Mwenzangu hakulia. Alinigeukia polepole.

"Mama na mtoto, eh?"

"Mtani, mimi nilikuwa..."

"Usiniite mtani. Wewe uliandika hivyo?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuandika?"

Akaisukuma karatasi yake upande wangu.

"Kaa nayo, uendelee kucheka."

Akabeba daftari zake, akahamia dawati la mbele.

Habari ikazunguka kabla ya saa saba. Na sehemu iliyoniumiza ni kwamba watu waliipenda. "Eti mama na mtoto! Eti namba inarudi kwa bibi!" Walinipiga mgongoni, wakaniomba nisimulie tena. Nilisimulia mara moja, nikaona ushungi wake mweupe kule mbele haugeuki, nikaacha. Wakasema siku hizi nimepooza.

Wiki ile nilikaa peke yangu kwenye dawati la watu wawili. Jioni nilirudi nyumbani nikakuta kufuli, kwa sababu mama mdogo anafanya kazi kwenye ghala la korosho na hurudi jua limekwisha. Nikampigia mama Chilangala, simu ikaita mpaka ikakata. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, wanaamka na umande, na jioni wamechoka hawasikii hata redio. Nikamsimulia jogoo kisa kimoja kizuri sana. Akaenda zake.

Jumamosi nikaitoa ile karatasi yake. Nilitaka kuitupa, nikaishia kuitandaza mkekani. Nikaenda kwenye ndoo za mama mdogo, nikachota choroko, mbaazi na karanga. Choroko nikaziita hidrojeni, kwa kuwa ni ndogo na zipo kila mahali. Mbaazi oksijeni. Karanga salfa. Salfa niliijua kabla ya kujua kusoma: ni ule unga wa njano ambao baba hurudi nao kwenye kope, akipiga chafya mpaka mbuzi wanashtuka. Kumbe ndiyo ile S ya ubaoni. Nilikaa nayo darasa moja mwaka mzima sikumtambua mtu wa nyumbani.

Nikaanza na H₂SO₄. Choroko mbili, karanga moja, mbaazi nne. Nikahesabu: saba. Halafu nikapanga jibu la mwenzangu kama alivyoandika: choroko nne, karanga mbili, mbaazi moja. Nikahesabu. Saba vilevile.

Mama mdogo akaingia, akavua viatu, akasimama mlangoni.

"We mtoto, unapanda au unapika?"

"Natengeneza asidi, mama mdogo."

"Katengenezee nje. Hiyo ni mboga yangu."

Nikahamia uani na mkeka. Nikapanga swali la pili, la tatu, la nne. Al₂O₃, ameipa alumini tatu na oksijeni mbili, jumla tano, sawa. HNO₃, zile tatu amezirudisha kwa bibi, jumla tano, sawa. Majibu manane yenye alama nyekundu, na yote manane yamefuata kanuni yangu hatua kwa hatua, hakuna hata moja aliloteleza. Mawili aliyopata ni NaCl na CaO, ambazo hazina namba ndogo ya kumpotosha.

Nilikaa pale na choroko zangu mpaka kuku wakaanza kuzisogelea. Mwenzangu hakushindwa kitu. Alichukua upuuzi wangu akaufanyia kazi kwa uangalifu ambao mimi sijawahi kuupa ukweli wa mwalimu yeyote. Na mimi mwenye saba nilikuwa nimejua kutazama bega tu.

Jumatatu nikaenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Leo umekuja na kipi?"

Walimu wengine wakageuza viti. Mmoja akaweka chini kikombe chake cha chai ili asimwage.

"Nimekuja kusema kwamba yule aliyepata mbili, aliyekosea ni mimi. Nilimfundisha vibaya."

Ofisi nzima ikacheka. "Leo anaigiza toba!" akasema mwalimu wa historia. Mwalimu wa kemia mwenyewe alikuwa anacheka, bega linatikisika. Sijawahi kuwachekesha watu wazima wengi namna ile kwa mara moja, na sijawahi kutamani kwenda kwetu kama dakika ile.

Nikatoa mfuko wa choroko nikaumwaga mezani kwake. Wakazidi kucheka. Nikaweka karatasi ya mwenzangu pembeni, nikaanza kupanga.

"Mwalimu, yasome majibu yake kama mtu aliyeambiwa kwamba namba ni ya herufi inayofuata, na ya mwisho inarudi kwa ya kwanza. Usisahihishe. Soma tu."

Akachukua kalamu kwa mchezo. Swali la kwanza akaguna. La pili. Kufika la tano alikuwa ameacha kucheka na anafuata kwa kidole.

"Nani alimwambia hivi?"

"Mimi."

"Na wewe ulipata saba kwa kanuni ipi?"

Nikatazama choroko.

"Kwa kutazama bega la mtu."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu akamtuma mtu amwite mwenzangu. Alipoingia hakunitazama. Mwalimu akamwandikia fomula tano mpya nyuma ya ile ile karatasi, akamwambia asome kwa sauti. Kumbe tangu siku ile alikwisha kujirekebisha mwenyewe, bila choroko, bila mtu. "Salfa moja, oksijeni tatu," akasema. "Naitrojeni mbili, oksijeni moja." Zote tano. Mwalimu akavuta orodha ya wanaoiacha kemia, akalikata jina lake kwa wino. Kisha akaikata na ile saba yangu, akaandika sifuri, akaniambia nirudie jaribio Ijumaa, peke yangu, nimekaa kumwelekea yeye. Ijumaa nilipata nane, zangu halali, lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Tulitoka ofisini pamoja kwa sababu mlango ni mmoja. Barazani akasimama.

"Ungesema tu hujui."

"Ningesema sijui, ungekwenda kumuuliza mwingine."

"Nani kakuambia?" Akarekebisha ushungi. "Ningekaa. Tungekuwa wawili tusiojua."

Akaondoka. Nilitafuta neno la kumrudisha, nina maneno mengi, yote yalikuwa ya kuchekesha.

Sasa tupo kidato cha tatu na wote tunasoma kemia. Yeye anakaa mbele na msichana mwingine. Tukikutana tunasalimiana vizuri, kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Juzi mwalimu aliandika fomula yenye mabano, na namba ndogo nje ya mabano. Nikaitazama nikaona giza. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, sijaelewa. Hiyo mbili inawahesabu wangapi?"

Darasa likaangua kicheko, wakijua kuna kitu kinakuja. Nikabaki nimenyoosha mkono. Kule mbele mwenzangu hakucheka. Aligeuka, akanitazama kidogo, halafu akarudisha uso ubaoni na kushika kalamu, akisubiri mwalimu ajibu.