Shore wa Ua wa Kayaba

Shore hapigi kelele, bila jambo la maana;
Tuliotazama mbele, nyuma hatukukuona.

Nilipokuwa mtoto, katika shamba la pareto la Mzungu kule Bahati, nyumba yetu ya udongo iliegemea ua wa kayaba, miti ya miiba. Humo alikaa shore, ndege wa rangi ya udongo, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia. Hakuogopa watu. Alikula matunda ya ua, akadonoa makombo mlangoni, na kabla ya jua yeye ndiye aliyetangulia kuimba.

Nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, aliamini kwamba shore akipayuka karibu na mlango, mgeni yuko njiani. Na wakati ule wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakamata Wakikuyu, mgeni tuliyemngoja alikuwa mmoja tu: baba, aliyechukuliwa na askari.

Adhuhuri moja shore alipayuka kama aliyeibiwa. Cucu alibandika uji, akanishika mkono, tukasimama nje kuitazama njia. Ndani tulimwacha mdogo wangu Njoroge, amelala juu ya gunia.

Jirani yetu Mama Nekesa, mtu wa Kakamega, si Mkikuyu kama sisi, alikuwa akipita na jembe.

"We Cucu, ndege huyo hakaribishi mtu. Anatukana! Kwetu akitukana hivyo, ni nyoka."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni mgeni."

"Haya. Na mgeni akiwa hana miguu?"

Hakungoja jibu. Aliingia, tukasikia jembe likigonga sakafu, kisha likigonga tena. Alitoka amempakata Njoroge, mtoto analia, mzima. Nyoka, swila, alibaki sakafuni, kichwa kimepondwa.

Cucu aliketi kizingitini. Hatimaye akamimina uji wa baba katika kibuyu, akamnyooshea jirani.

"Basi mgeni ni wewe. Kunywa."

Leo najua kwamba shore hakutusemesha hata kidogo. Aliyatetea dhidi ya swila mayai yake, yaliyokuwa katika tawi lililogusa dirisha letu. Maneno tulimpa sisi. Cucu alimpa yale ambayo moyo wake uliyahitaji, nami sioni pa kumlaumu.

Baba hakurudi. Kabla ya mahindi kukomaa, lori la serikali lilikuja kutuhamisha sisi Wakikuyu wa shamba lile. Shore alipayuka tena. Lori lilipoondoka niligeuka: aliyebaki amesimama kando ya ua ni Mama Nekesa, peke yake.