Kamba ya Parachuti na Choo cha Safu Yetu

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, anachoma ncha ya kamba kwa kibiriti ili isifumuke. Moshi wenyewe ulikuwa kidogo tu, kama wa mshumaa uliozimwa, lakini ile harufu ya nailoni inayoyeyuka ilinikamata puani, nikaacha maharage yangu kwenye ungo. Rafiki yangu, wewe una harufu yako inayokurudisha kwenu. Yangu ni hiyo. Sio maua, sio mkate. Ni nailoni inayoungua.

"Unafanya nini na moto?" nikamwuliza.

Akanyoosha mkono anionyeshe bangili iliyosukwa kwa kamba, rangi ya machungwa na nyeusi, zile wanazouza vijana pale mjini. Shule yao ilikuwa inawapeleka safari, walale kwenye mahema, na karibu na kambi kuna mwamba mkubwa. Yeye na wenzake walikuwa wameshapanga: watafumua bangili, watafunga kamba kwenye mti wa juu, washuke ule mwamba mmoja mmoja kama wanajeshi.

"Ni kamba ya parachuti, Jjajja. Inabeba kilo mia mbili na hamsini. Hata wewe ingekubeba."

"Hata mimi? Kwani mimi ni gunia la nani?"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nilishika ile kamba, nikaibonyeza kwa vidole, nikazisikia nyuzi zake ndani zikiteleza chini ya ganda kama utumbo wa samaki. Nilijua kilichomo kabla ya kuambiwa. Kamba hiyo nilikua nayo.

Mimi ni mtoto wa nyumba za polisi, Nsambya. Vyumba vyetu vilikuwa vimeshikana bega kwa bega safu ndefu, mabati juu, na mvua ikinyesha hamsikilizani hata mkipiga kelele. Huyu Mwacholi, yule Mteso, wa tatu Mjaluo kutoka Kenya, na ukutani kwetu upande wa pili Mlugbara. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Watu wa nje walisema ni lugha ya bunduki. Kwetu sisi ilikuwa lugha ya kuombana chumvi.

Asubuhi ilianza na kengele ya misheni, kisha filimbi ya gwaride, kisha treni nayo inalia huko chini kana kwamba imeonewa. Mama zetu walishakuwa wamewasha sigiri za mkaa. Ukitoka mlangoni unakutana na chai ya maziwa, mukene, wale dagaa wetu, wanaokaangwa, na ule mvuke mzito wa wanga wa muhogo, maana mama yangu alifua na kupiga pasi sare za askari waliokuwa hawana wake. Aliloweka, akasugua, akatia wanga, akaanika. Kaptula ya polisi ikitoka mikononi mwake ungeweza kuisimamisha chini na isianguke. Wewe unacheka, lakini mimi niliijaribu.

Shida yake ilikuwa mahali pa kuanika. Waya ulipiga kutu na kutia mistari ya rangi ya chai kwenye mashati. Kamba ya katani iliacha manyoya, na baada ya mvua mbili tatu ilianza kunuka na kuoza. Ndipo jirani wa chumba cha mwisho akatuletea parachuti.

Jirani huyo alikuwa mwanajeshi kabla ya kuingia polisi. Mtu mnene, kicheko kikubwa, na hadithi moja tu maishani mwake: siku aliporuka kutoka kwenye ndege. Tuliijua sisi watoto neno kwa neno, na tukimwona anakohoa tunajua ndege inapaa. Parachuti aliyoleta ilikuwa kuukuu, imechanika, jeshi halina haja nayo. Kitambaa wanawake walikigawana, wakashona mashimizi. Jumapili safu yetu yote ilikwenda kanisani imevaa mbingu chini ya gauni. Na zile kamba nyeupe zilizoning'inia pembeni, mama yangu ndiye aliyezikata moja moja, akichoma kila ncha kwa kisu kilichopashwa kwenye makaa. Kila nyumba ikapata yake ya kuanikia nguo.

Nikuambie, kamba ile ilikuwa mali. Kipande kilichobaki hakikutupwa. Ukikata ganda unavuta nyuzi nyeupe za ndani, nyembamba lakini kaidi, tunashonea magodoro na midomo ya magunia ya mkaa. Kaka yangu alizifanya gidamu za viatu, viatu vikaisha gidamu zikabaki. Tulikwenda nazo ziwani Ggaba kuvulia ngege. Mgomba ukielemewa na ndizi tuliufunga kwenye nguzo, na siku ya upepo tulifungia turubai la jikoni. Mpini wa jerikeni ukikata vidole, unauzungushia kamba hiyo mpaka unene, unabeba maji huku unaimba. Mbuzi tu ndiye mama alikataa tumfunge nayo. Ni nyembamba, alisema, ikikaza inaingia kwenye nyama.

Na mama aliijua tabia yake kama anavyomjua wifi yake. Ikilowa inalegea na kurefuka, shuka zinagusa matope, ndio maana kila kamba ilikuwa na mti wa kuisukumia juu. Moto haiutaki, pasi ya mkaa iliigusa siku moja tu, ikayeyuka hapo kama siagi. Kusuguana haikutaki kabisa. Palipogusa kona ya bati ganda lilifunguka na utumbo ukatoka nje, mama akapafunga tambara. Na jua, alisema, linaila polepole, huoni mpaka siku ya kukatika.

Sasa sikia habari ya choo.

Choo cha safu kilikuwa kimejaa, wanaume wakaamua kuchimba kingine. Walichimba mpaka shimo likawa refu kupita mtu na mtu tena, na kuta za chini zikawa laini, vishimo vya kukanyagia havishiki. Kamba yao ya katani ilikuwa imeoza. Wakabaki wamesimama na mikono viunoni, wakitazama shimo. Jirani yetu mnene akageuka, akatazama kamba ya mama yangu.

Kamba yenyewe ilikuwa imejaa sare. Kesho yake palikuwa na gwaride la kukaguliwa, na maji yalikuwa bado yanadondoka.

"Shemeji, anua nguo," akasema. "Kamba hii ilinishusha kutoka mbinguni, itashindwa kunishusha chooni?"

Wanaume wakaangua kicheko. "Afande anarudi vitani!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akamwambia avae kofia ya chuma, huko chini adui ananuka.

Sitakudanganya kwamba mama yangu alifikiria uhai wa mtu kwanza. Alifikiria nguo zake. Alisimama na povu mpaka viwikoni, akasema, "Hazianuliwi."

"Shemeji, unaninyima choo?"

"Nakunyima kamba. Tena hebu niambie, afande. Siku ile ulishuka na hii?"

"Hii hii!"

"Hii peke yake?"

Jirani akafungua mdomo, hadithi yake haikutoka. Mama akanyoosha mkono wenye povu kuonyesha safu yetu, kuanzia mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila nyumba ilikuwa na kamba nyeupe, na kila kamba ilikuwa na nguo.

"Tazama. Hizi zote zilikuwa zimekushika. Parachuti yako inaanika nguo za nyumba zote hizi, na wewe unataka kuingia shimoni na kipande cha mke mmoja."

 Lakini watu walikuwa wanamtazama. Akasema wanawake wanaogopa vitu bure. Mama akakasirika. Akaanua zile sare mwenyewe, akazirusha juu ya ua wa miti, akafungua kamba, akasema haya, jazeni gunia la udongo, uzito wake, tumbo na yote.

Wakajaza. Juu ya shimo walikuwa wameweka kipande cha reli ya zamani. Wakapitisha kamba hapo, wakateremsha gunia polepole. Likafika chini salama. Jirani akapiga makofi, akaanza kuvua shati.

"Subiri," mama akasema. "Hilo limelala. Wewe utalala? Utateleza, udongo utabomoka, utaanguka kidogo kabla kamba haijakushika. Livuteni juu, mlegeze kamba kiasi cha mkono, mliachie."

Wakalivuta. Wakaliachia.

Sauti ya kamba ikikatika ilikuwa kama kofi. Kisha kimya, kisha lile gunia likatua huko chini, na mimi niliusikia mshindo wake kwenye nyayo zangu. Ncha ya kamba ilibaki inacheza juu ya reli, nyeupe, imechanuka kama ua.

Jirani yetu aliketi juu ya kifusi, shati limemkwamia kichwani, mkono mmoja ndani mmoja nje. Hakuna aliyemcheka. Alikuwa na watoto wadogo, mke wake amesimama palepale, ameziba mdomo kwa kitenge.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukijue, ndugu yangu, maana ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Hakuna aliyetoa amri. Yule Mjaluo alikwenda kwenye kamba yake, akaanua nguo zilizolowa, akazitupa kwenye majani. Mke wa Mwacholi akafuata. Kisha wote. Muda si mrefu nguo za safu nzima zilikuwa kwenye nyasi na kwenye ua, nepi, shuka, sare, na mashimizi ya parachuti nayo yanaonekana na kila mwanamume, na hakuna aliyeona haya. Wanawake wakakaa chini, wakazisuka zile kamba kama wanavyosuka nywele, tatu tatu, kisha zile tatu wakazisuka tena, mpaka ikatoka kamba nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Magunia yaliyolowa yakafungwa juu ya reli isikate. Nayo ikajaribiwa kwa gunia la kuanguka, kama ile ya kwanza. Ikaguna, haikukatika.

Jirani akashuka, wanaume wakimteremsha kidogo kidogo. Tulingoja. Kisha sauti yake ikapanda kutoka shimoni: "Shemeji! Parachuti imefunguka!"

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko, povu likamwingia, akalia kweli.

Sare zilikwenda kwenye gwaride na mikunjo ya majani. Baba yangu, naye askari, alipoulizwa alijibu kwamba tulikuwa tunachimba choo, na mkubwa wake akaona heri asiulize zaidi. Choo kilipokwisha, kamba zilifumuliwa, kila moja ikarudi mlangoni kwake. Ya kwetu iliungwa kwa fundo. Mama hakuanika suruali hapo tena. Fundo ni mgonjwa, alikuwa anasema, usimtwike. Palikuwa pahali pa leso tu.

Hayo yote nilimwambia mjukuu wangu, na yeye akaniambia, "Lakini Jjajja, hizo zilikuwa kamba za zamani." Bambi, maskini, watoto wa siku hizi. Nikamwambia alete jerikeni iliyojaa maji, afumue hiyo bangili yake. Tukapitisha kamba kwenye kona ya ukuta wa tofali, tukaning'iniza. Ikabeba. Akanitazama kama yule jirani. Nikainua jerikeni mpaka kamba ikalegea, nikaiachia. Nikarudia. Haikukatika, nisiseme uongo. Lakini palipogusa tofali ganda lilikuwa limefunguka, na utumbo mweupe unachungulia nje.

 Alipapapasa kwa kidole.

"Funga nayo hema," nikamwambia. "Funga kuni, ning'iniza chakula panya wasifikie, funga kiatu kikiachama. Itakusaidia kuliko rafiki. Lakini mwili wa mtu, hapana. Ile namba waliyokuambia ni ya kamba mpya, imenyooka, mzigo umetulia. Nani ametulia akiwa anashuka mwamba?"

"Na wenzangu nitawaambiaje? Watasema naogopa."

 Alikwenda safari, na siku zote alizokuwa huko mimi nilichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Alirudi ananuka moshi, bangili hana mkononi. Akaitoa mfukoni, chafu, ndefu, ina fundo katikati. Upepo ulikuja, akasema, turubai likataka kuruka, wakafunga nayo. Uzi mmoja wa ndani ulishona soli ya mwenzake.

"Na mwamba?"

"Niliwaambia habari ya choo. Walicheka sana, Jjajja. Walianza kuniita Afande. Lakini hakuna aliyening'inia."

Juzi nilipita Nsambya kwa bodaboda, nikamwambia kijana apunguze mwendo. Safu yetu haipo. Hakuna mabati, hakuna ua, hakuna kamba nyeupe kutoka mlango hadi mlango. Watu wa sasa wanaanika nguo kwenye roshani zao, kila mmoja na kamba yake, na sidhani kama anajua jirani yake anaanika nini. Jirani mnene amekwenda mbinguni, na mara hii hakuhitaji kamba. Mama yangu pia. Nimewatafuta wale wanawake kichwani mwangu, mlango mmoja mmoja, na wengi nimebaki na rangi za nguo zao tu, zimelala kwenye nyasi.

Choo kile nacho kilijaa, kikafukiwa, sijui hata ni nani anakanyaga juu yake leo. Lakini nikiona mjukuu wangu anapita uani na ile kamba chafu mfukoni, najua bado kinafanya kazi.